Msanifu na Aliyemtuma

Mkulima wa mpunga wa Mchombe, katika bonde la Kilombero, ajengapo nyumba humwita fundi. Msanifu wa majengo humdhania kuwa mtu wa mjini, mchoraji wa maghorofa ya matajiri. Hatumlaumu, wasanifu wengi wameijenga dhana hiyo kwa matendo yao. Basi leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya msanifu mmoja aliyeikataa, ambaye aliwahi kuishi katika nchi hii.

Ernst May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Mwaka 1925 mji huo, uliokuwa na upungufu mkubwa wa nyumba, ulimkabidhi kazi zake zote za mipango na ujenzi. May hakuanza na kuta. Alianza na ardhi, bei ya vifaa, na kodi ambayo mshahara wa mfanyakazi ungeweza kuimudu. Halmashauri ikatwaa ardhi na kuanzisha kiwanda cha kuta za zege. Hata jiko likapimwa upya na msanifu Margarete Lihotzky, ili mpishi asichoke bure. Katika miaka 5 zikapatikana nyumba zaidi ya 10,000.

Mwaka 1930 alikwenda Urusi kupanga miji ya viwanda. Wanazi waliposhika serikali ya kwao mwaka 1933, hakuweza kurudi, kwani alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi.

Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Mpango wake wa kuupanua mji wa Kampala, wa mwaka 1947, ulikuwa na nyumba na shule, lakini uliwatenga watu kwa rangi zao, kama ukoloni ulivyotaka. Maarifa yale yale yaliyomfaa mfanyakazi wa Frankfurt yakatumika kumweka Mwafrika pembeni.

Kisha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kwa chama chao cha ushirika, KNCU, wakampa kazi ya kuwachorea jengo lao la Moshi, lililofunguliwa mwaka 1952. Safari hii mwenye kuagiza alikuwa mkulima, na jengo likawa la mkulima. May alirudi kwao baadaye, akafariki mwaka 1970.

Kwa maoni yetu, msanifu aweza kugeuza mambo makubwa akianza na ardhi, bei na madaraka. Lakini faida itamwendea nani? Hilo hutegemea aliyemtuma.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wanakijiji, katika mkutano wao mkuu, kauli juu ya matumizi ya ardhi yao. Basi msanifu na aje Mchombe kabla viwanja havijapimwa, aeleze mkutanoni maji ya mafuriko yatapita wapi, na matofali yatachomwa kwa kuni za msitu gani. Nasi tusingoje aletwe na mwingine. Tumwite, tumtume, tena tumkague.