Al-Khwarizmi, Mwalimu wa Kupima kwa Haki

Swaumu inaendeleaje? Kabla ya adhana ya Magharibi, hebu tukae kidogo na bwana mmoja ambaye huenda umelitaja jina lake darasani bila kujua.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake linanasibishwa na Khwarizm, nchi ya Asia ya Kati. Alifanya kazi Baghdad, kwenye Bayt al-Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), akafariki karibu mwaka 850. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilicholipa somo la aljebra jina. Na nyinyi wa kompyuta, neno algorithimu limetokana na jina lake mwenyewe.

Wengi hawajui kwamba ndani ya kitabu hicho mna mlango wa kupima maeneo, na sehemu kubwa ya mirathi. Aliwaandikia watu wa kawaida: wanaogawa urithi, wanaofanya biashara, wanaopima ardhi.

Chukua mfano wake. Pembetatu ina pande 13, 14 na 15. Wengi wetu tungezidisha 14 kwa 13, tukagawa kwa 2, tukapata 91. Kosa! Upande wa 13 umeinama, si kimo. Yeye aliteremsha mstari wima kutoka ncha ya juu hadi kitako cha 14. Kitako kikagawanyika 5 na 9, kimo kikawa 12. Hakikisha mwenyewe: kwa pembe mraba, 5 na 12 hutoa 13, 9 na 12 hutoa 15. Basi 14 mara 12 ni 168, nusu yake 84. Unganisha pembetatu mbili kama hizo upate msambamba, eneo lake 168 kamili.

Sasa wewe kijana wa Ronge, mashamba ya huku mlimani si ya mraba, wajua. Siku ya kugawa shamba la marehemu baba, ukipima upande ulioinama badala ya kimo, utamwandikia nduguyo 91, kumbe amepata 84. Zile 7 ziko kwenye karatasi tu, haziwezi kulimwa. Mafungu ya mirathi Mwenyezi Mungu ameshayaweka. Kupima sawasawa ni juu yetu.

Kesho asubuhi chukua kamba na vijiti, mwite mdogo wako, mpime kipembe cha shamba pamoja. Ramadhan Kareem.