Dakta Livingstone Kando ya Mweru: Mlinzi wa Nafsi Yake

Mtu asimamaye alfajiri katika mji wa Nchelenge, nchini Zambia, huona mbele yake maji mapana ya ziwa Mweru, na ng'ambo yake nchi ya Kongo. Mto Luapula huingia ziwani humo kutoka kusini. Mto Luvua hutoka upande wa kaskazini. Mnamo tarehe 8 Novemba, 1867, alifika katika ziwa hilo mgeni mmoja Mskoti, mwenye umri wa miaka 54, aliyedhoofishwa na homa na asiyekuwa na dawa hata chembe. Mgeni huyo alikuwa Dakta David Livingstone.

Wengi wetu tulilisikia jina lake shuleni, pamoja na habari za maporomoko ya Mosi-oa-Tunya aliyoyaona mwaka 1855. Wapo pia wamshutumuo kwamba safari zake ziliwafungulia wakoloni njia, na shutuma hiyo haikosi ukweli. Lakini leo twamtazama kwa upande mmoja tu: jinsi mtu huyu alivyokesha katika imani yake mahali pasipokuwa na kanisa, wala kengele, wala mkubwa wa kumkagua. Hilo ni jambo ambalo kila ashikaye lindo la usiku aweza kulielewa upesi.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, katika mji wa Blantyre, Uskoti, katika nyumba ya watu maskini. Alipotimiza miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba, akafanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Aliweka kitabu wazi juu ya mashine, na kila alipoipita alisoma sentensi moja, katikati ya makelele yale. Huko ndiko alikojifunza kuikusanya akili yake na kuishikilia. Baadaye akasomea uganga na dini, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini akiwa mmisionari.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Mkewe, Mary, alipata taabu nyingi kwa ajili ya safari zake, akafariki Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Katika msafara wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, Livingstone aligombana na wenzake Wazungu karibu wote. Mwaka 1859 alimfukuza mchoraji Thomas Baines kwa shutuma ya wizi isiyothibitishwa, wala hakurudi nyuma katika uamuzi wake. Alikuwa mkali wa kuyaona makosa ya wengine, na mzito wa kuyaona ya kwake. Tukumbuke hilo, kwa maana ndilo litakalotuonyesha maana ya yaliyotokea katika nchi ya Mweru.

Safari yake ya mwisho ilianza Unguja mwezi Machi, 1866, akiwa na barua ya Seyyid Majid ya kumpitisha salama. Alifuatana na watu wapatao 60. Kundi baada ya kundi likapungua. Askari wa Kihindi walirudishwa pwani, na watu wa Anzwani wakatoroka karibu na ziwa Nyasa, wakaenda Unguja kutangaza kwamba bwana wao ameuawa. Tarehe 20 Januari, 1867, watoro wawili walichukua mzigo wenye sanduku la dawa. Kwa mtu aishiye na homa katika pori, hiyo ilikuwa kama hukumu ya kifo. Waswahili husema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Naye Livingstone aliuonja umaskini huo hadi tone la mwisho.

Kutoka Mweru alielekea kusini kwa upande wa mashariki wa ziwa, na mwezi huo huo wa Novemba akapokewa na Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda. Mwata huyo aliogopwa kwa adhabu zake za kukata watu masikio na mikono, lakini mgeni wake alimpokea kwa heshima.

Basi, alikuwa akifanya nini mtu huyu aliyepungukiwa na kila kitu? Alishika zamu yake. Aliandika katika daftari mvua iliyonyesha, mito aliyoivuka na vipimo vya nyota. Jumapili alijitahidi kuitenga kwa sala na mapumziko. Na tarehe 1 Januari, 1868, akiwa bado katika nchi hizo, aliandika sala fupi. Aliomba kusamehewa makosa ya mwaka uliopita, aliomba awe wa manufaa zaidi katika mwaka mpya, na kama ni mwaka wa kufa kwake, aliomba atayarishwe. Hakuomba dawa yake irudi, wala watoro waadhibiwe.

Miezi mitatu baadaye sala hiyo ilijaribiwa. Mwezi Aprili, 1868, katika kituo cha wafanyabiashara kiitwacho Kabwabwata, aliwatangazia watu wake kwamba atarudi kusini kulitafuta ziwa Bangweulu. Walikataa. Walikuwa wamechoka kutembea, na wengine wamekwisha kupata wanawake hapo. Kati ya waliokataa walikuwamo Susi, mtu wa Shupanga, na Chuma, kijana ambaye Livingstone alimfungua katika minyororo ya utumwa mwaka 1861. Aliondoka na watu watano tu, akalifikia Bangweulu tarehe 18 Julai.

Askari ajua kosa la kumwacha mkuu wa kikosi porini hupimwaje. Livingstone wa mwaka 1859 angaliwalaani na kuwafutilia mbali. Safari hii aliketi na daftari lake, akajikagua kwanza. Aliona kwamba watu wale wamechoka kweli, na kwamba yeye mwenyewe amechoka. Aliona pia kwamba kuyajua mapungufu yake mwenyewe kwampasa kuwa mpole kwa mapungufu ya wengine. Aliporudi Kabwabwata baada ya miezi kadhaa, watoro walimwendea, naye akawapokea tena.

Wasomaji wa Injili wataikumbuka bustani ya Gethsemane. Bwana aliwaomba wanafunzi wake wakeshe naye saa moja, naye akawakuta wamelala. Aliwakemea, lakini hakuwafukuza. Na hao waliolala ndio walioichukua kazi yake baadaye.

Livingstone alizidi kupatwa na mateso. Huko Bambare, katika nchi ya Manyema, vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi, naye akaisoma Biblia yote, mwanzo hadi mwisho, mara nne. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya porini. Tarehe 15 Julai, 1871, alishuhudia huko Nyangwe wafanyabiashara ya watumwa wakiwapiga risasi watu sokoni, na habari alizoziandika ziliutia nguvu mkono wa waliopigania kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Mwaka huo huo, alfajiri ya tarehe 1 Mei, katika kijiji cha Chitambo kusini ya Bangweulu, watumishi wake waliingia kibandani wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake juu ya mto. Alikuwa amekata roho. Mauti yalimkuta katika lindo lake.

Na ni nani waliosimama pale wakashika uongozi? Ni Susi na Chuma, watoro wa Kabwabwata. Wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala, kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua. Waliuchukua mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika mwezi Februari, 1874. Baadhi yao walifia njiani. Hapakuwa na mkuu wa kuwaamuru, wala mshahara uliokuwa na hakika. Chuma alikuwa Mkristo tangu zamani. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, kwa hiari yake, akaitwa Daudi, jina la bwana wake.

Hiyo ndiyo faida ya kukesha. Mlinzi hutazama nje ili adui asiingie. Lakini mwenye imani hutazama na ndani, kwa maana kuna adui aliyekwisha kuingia: kiburi, hasira, na wepesi wa kuhukumu. Kama Livingstone angalisinzia katika lindo hilo la pili kule kando ya Mweru, angaliwafukuza Susi na Chuma mwaka 1868, na mwaka 1873 pengine asingalipatikana mtu wa kumwinua pale alipopiga magoti.