Beryl Markham: yale aliyoyanyamazia kitabuni, runinga iliyatangaza

Beryl Markham aliolewa mara tatu. Lakini ukisoma kitabu cha kumbukumbu zake, West with the Night, kilichotoka mwaka 1942, humkuti mume hata mmoja katika masimulizi. Mwanawe wa pekee pia hamo. Kitabu kimejaa farasi, mbwa, wawindaji wa Kinandi na anga la Kenya usiku. Ndiyo maana filamu ya runinga ya Marekani ya mwaka 1988 kuhusu maisha yake, A Shadow on the Sun, ilituacha na kiu. Stefanie Powers aliigiza kama Beryl, na sehemu kubwa ya hadithi ikaenda kwa wanaume aliowapenda na ndoa zilizovunjika.

Kwa wasiomfahamu, Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba Njoro. Mama hakuyaweza maisha yale, akarudi kwao pamoja na kaka yake Beryl. Msichana akabaki na baba, mbwa wake Buller, na watoto wa wafanyakazi wa shamba, Wanandi na Wakipsigis. Alijifunza lugha yao na Kiswahili, akarusha mkuki, akaenda kuwinda pekupeku pamoja na wanaume wazima, jambo ambalo wasichana wa jamii ile wenyewe hawakuruhusiwa.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii. Baba yake Kibii, arap Maina, aliuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ukame ulipomfilisi Clutterbuck na yeye akaelekea Peru, Beryl alibaki Kenya akiwa hajafikisha miaka 20. Alianza kufundisha farasi wa mashindano, akawa mwanamke wa kwanza nchini kupata leseni ya kazi hiyo. Kibii alikuja kumtafuta. Sasa alikuwa morani, jina lake arap Ruta. Akafanya naye kazi kwenye mazizi, na Beryl alipogeukia ndege, Ruta naye akaziacha hatamu akajifunza kuhudumia injini.

Kwetu sisi, huo ndio moyo wa kitabu: watu wawili waliocheza pamoja utotoni, kisha ukoloni ukamfanya mmoja bwana na mwingine mtumishi. Beryl mwenyewe analiona hilo na linamuuma, ijapokuwa (tuseme ukweli) hasemi mengi kuhusu ardhi ya Njoro ilikuwa ya nani kabla ya baba yake kufika. Mtengeneza filamu angekuwa na kazi kubwa hapo. Mapenzi ya Wazungu wa Kenya ya miaka ile tulikuwa tumeshayaona mara nyingi.

Alijifunza kurusha ndege mwaka 1931, na baadaye akafanya kazi ya kupeleka barua, dawa na abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuelekea New York. Upepo ulikuwa wa mbele, mvua na giza. Baada ya saa 21 hivi injini ilizimika, kwa kuwa barafu ilikuwa imeziba matundu ya hewa ya tangi la mafuta. Ndege iliangukia kwenye tope la kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Alitoka akiwa na jeraha la kichwa, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua.

Kitabu chake kilitoka wakati wa vita na hakikuuzwa sana. Ernest Hemingway alikisifu katika barua, ingawa mwandishi mwenyewe hakumpenda, na barua hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa California wakichapishe upya mwaka 1983. Wakati huo Beryl alikuwa mzee, hana fedha, akiishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi Nairobi. Mauzo yakampa nafuu. Wapo pia waliodai kwamba aliyeandika ni mumewe wa tatu, Raoul Schumacher. Ubishi huo haujaisha, lakini kumbukumbu za Njoro ni za aliyekulia Njoro.

Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83. Filamu ilionyeshwa miaka miwili baadaye, wakati hakuweza tena kuipinga wala kuicheka. Mambo aliyochagua kuyanyamazia maisha yake yote yakawa ndiyo yanayosimuliwa zaidi.

Kitabu bado kinapatikana kwa Kiingereza. Atakayekipata aanze na sura ya kuwinda ngiri, Buller akiwa amejeruhiwa na msichana amekaa naye porini akisubiri msaada.