Florence Nightingale na wodi ya wazazi iliyofungwa

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, wauguzi wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko duniani huadhimisha siku yao kwa kumkumbuka mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa tarehe hiyo, mwaka 1820, katika mji wa Florence nchini Italia, akapewa jina la mji huo. Anayekumbukwa ni bibi wa taa, aliyekuwa akipita usiku kati ya vitanda vya askari majeruhi wakati wa vita vya Crimea. Utafiti wake juu ya akina mama wanaojifungua hautajwi sana, pengine kwa kuwa ulianza kwa msiba.

Florence Nightingale alitoka katika familia ya kitajiri, iliyouona uuguzi kuwa kazi isiyomstahili binti wa watu. Mwaka 1854 alikwenda Scutari, karibu na Istanbul, akiongoza kundi la wauguzi 38. Aliporejea nyumbani alizichambua hesabu za vifo pamoja na mtaalamu wa takwimu, William Farr. Ilibainika kwamba askari wengi hawakuuawa na risasi bali na maradhi, na kwamba msongamano, uchafu na mifereji mibovu ya hospitali ile ile aliyoitumikia viliwamaliza maelfu. Tangu hapo hakuamini tena kwamba mahali pana usalama kwa sababu tu panaitwa hospitali.

Hata hivyo, alikuwa na ndoto ya kuwapatia maskini wakunga waliosoma. Mwaka 1861, kwa fedha zilizochangwa na umma kwa heshima yake, ilifunguliwa wodi ya wazazi katika hospitali ya King's College mjini London. Wanawake kutoka vijijini wangefunzwe humo kwa miezi sita, kisha warudi makwao kuwazalisha jirani zao. Nightingale mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kulala, akiendesha mambo kwa barua. Msimamizi alikuwa Mary Jones, rafiki yake na muuguzi hodari.

Wodi ilikuwa safi na wauguzi wake walikuwa wa kutegemewa. Lakini homa ya uzazi iliingia. Mama alijifungua salama, siku chache baadaye akashikwa na homa kali, akafa na kuacha kichanga. Vifo vilipita 30 katika kila wazazi 1,000, ilhali kwa Uingereza nzima, ambako wengi walizalia majumbani, havikuzidi sana 5. Mwaka 1867 wodi ikafungwa.

Si wengi ambao wangependa kuligusa tena jambo kama hilo. Yeye aliuliza swali ambalo kwa wakati huo karibu halikuwa na jibu: ni akina mama wangapi hufa wakijifungua, na hufia wapi? Kwa msaada wa Dk. John Sutherland alikusanya madaftari ya hospitali, ya nyumba za kutunzia maskini na ya kambi za jeshi. Mengi yaliandikwa ovyo, kila mahali kwa namna yake. Alitumia pia hesabu za daktari Mfaransa Léon Le Fort, zilizoonyesha kwamba katika hospitali za uzazi za Ulaya walikufa akina mama wapatao 34 kwa kila 1,000, na waliozalia nyumbani hawakufika 5.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba baadhi ya nyumba za maskini, zilizodharauliwa na kila mtu, zilipoteza wazazi wachache kuliko hospitali zenye fahari na maprofesa. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1871, akakitunuku kwa mama yake Sokrates aliyekuwa mkunga, Nightingale alitaka wazazi watengwe kabisa na wagonjwa wengine, wawekwe katika majengo madogo yenye vitanda vichache, na kila chumba kiachwe wazi kwa zamu ili kisafishwe na kupumzishwa. Wanafunzi wa udaktari, ambao siku hiyo hiyo huenda walitoka kupasua maiti, wasikaribie.

Sababu hasa aliikosea. Bado aliamini kwamba hewa chafu ndiyo huleta homa, ingawa Ignaz Semmelweis alikwisha kuonyesha mjini Vienna, mwaka 1847, kwamba mikono ya madaktari ndiyo iliyoibeba. Lakini takwimu zilimfikisha karibu kabisa na mahali ambapo nadharia yake isingemfikisha.

Sheria ya kuwasajili wakunga wa England na Wales ilipitishwa mwaka 1902. Nightingale alikuwa na umri wa miaka 82, macho yakiwa yamekwisha kufifia. Alifariki dunia London tarehe 13 Agosti 1910. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey, wakamzika katika kijiji cha East Wellow, na juu ya kaburi zikaandikwa herufi za mwanzo za jina lake na tarehe zake tu.