Dk. Burkitt na somo la chakula cha kijijini

Hapa Mpondwe, mtu akirudi kutoka uhamishoni na kitambi husemwa mambo yake yamenyooka. Mimi ni mwalimu, nami nimerudi pia, na nina sababu ya kumkumbuka daktari mmoja aliyeona jambo hilo tofauti.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alianza kusomea uhandisi huko Dublin, kisha akageukia udaktari. Mwaka 1946 alipangiwa kazi Lira, na mwaka 1948 akahamishiwa Kampala, akawa mpasuaji Mulago.

Jina lake lilivuma mwaka 1958 alipoeleza saratani ya taya za watoto, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiulizia ugonjwa huo katika kila hospitali.

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Thomas Cleave, daktari aliyelaumu sukari na unga mweupe. Hapo Burkitt akakumbuka kwamba wanavijiji wa Uganda aliowatibu miaka 20 hawakuwa wanene, na ni nadra kuwapasua kidole tumbo au mawe ya nyongo. Akaandikia hospitali za misheni, akapima hata kinyesi. Mwaka 1972 alionyesha kwamba wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, lakini mabaharia wa jeshi la Uingereza gramu 104. Tofauti, alisema, ni nyuzinyuzi za chakula. Alihubiri hilo hadi alipofariki mwaka 1993.

Wataalamu wameongeza mengine. Sukari na mafuta yakizidi, seli huelemewa na kuzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoziumiza, na hiyo ni mojawapo ya njia zinazoutoa mwili kwenye unene na kuufikisha kwenye kisukari. Vyakula vile vile vyenye nyuzinyuzi, yaani maharage, sombe, dodo, ulezi na matunda, vina pia antioksidanti, viini vinavyotuliza kemikali hizo. Mawese mekundu yanayovuka kutoka Kasindi yanavyo pia, ila nayo ni mafuta: yatiwe kidogo, yasikaangiwe mara kwa mara.

Ndugu mfanyabiashara, usidanganywe na vidonge. Majaribio makubwa ya vidonge vya vitamini E na karotini hayakuleta kinga iliyotarajiwa, na karotini iliwazidishia wavutaji sigara saratani ya mapafu. Mzigo wa maharage unaoupitisha mpakani kila siku una faida kuliko kichupa hicho. Kabla ya kuuza wote, bakiza wa nyumbani.