Edward Saidi Tingatinga: Miaka minne ya brashi, jina lisilofutika

KWA Watanzania wengi, neno tingatinga humaanisha mtambo mzito wa kusukuma udongo na kufungua barabara. Kwa wapenzi wa sanaa wa Copenhagen, Tokyo na Nairobi, neno hilo hilo ni aina ya picha: chui mwenye madoa ya kupendeza, ndege wa shingo ndefu, tembo aliyesimama peke yake, na rangi zinazong'aa.

Si wengi katika makundi hayo mawili wanaokumbuka kwamba, kabla ya kuwa jina la picha, hilo lilikuwa jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 akiwa na umri wa takriban miaka 36. Mwaka 1972 alikuwa amekwishafariki dunia. Kazi yote iliyompa sifa ya kimataifa aliifanya ndani ya miaka minne tu.

Mtoto wa Tunduru

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Baba yake alikuwa Mngindo na Muislamu, na mama yake Mmakua na Mkristo. Jina lake lilibeba pande zote mbili: Edward kwa upande mmoja, Saidi kwa upande wa pili, na hadi mwisho wa maisha yake aliyatumia yote mawili.

Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini. Alisoma madarasa machache ya shule ya msingi, kisha akarudi shambani kama vijana wengi wa rika lake. Hakuwahi kukaa katika darasa la sanaa.

Katikati ya miaka ya 1950 aliondoka kwao kwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wafanyakazi wa mashamba hayo waliitwa manamba, kwa sababu kila aliyeandikishwa alitambuliwa kwa namba.

Safari hiyo si ngeni kwa familia nyingi za Kigoma. Utawala wa kikoloni uliufanya ukanda wa Kigoma kuwa chimbuko la nguvukazi ya mashamba ya walowezi. Maelfu ya vijana wa Kiha walisafirishwa kwenda mashariki kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kijana wa Tunduru na kijana wa Kasulu, waliotoka pembe mbili za nchi zilizo mbali sana, walikutana katika mistari ile ile ya katani.

Mtumishi wa nyumbani

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, Tingatinga aliuacha mkonge na kuhamia Dar es Salaam, alikokuwa na ndugu aliyefanya kazi katika nyumba za Wazungu. Kwa msaada wa ndugu huyo, naye alipata kazi ya utumishi wa nyumbani na bustani kwa ofisa mmoja Mwingereza.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, maofisa wengi wa kikoloni walianza kurejea kwao, na watumishi wao wakabaki bila ajira. Tingatinga alilazimika kuishi kwa kuungaunga. Alifanya vibarua vya ujenzi, aliuza matunda na mboga, alisuka vikapu na mikeka na kutarizi vitambaa. Inaelezwa pia kuwa alikuwa mpigaji marimba mzuri.

Katika orodha hiyo ya kazi ndogondogo ndimo ilimoingia kazi ya kuchora. Kwa Tingatinga, picha ilikuwa bidhaa nyingine ya kumpatia riziki, sawa na kikapu au fungu la machungwa.

Picha kutoka ng'ambo ya ziwa

Swali la wapi hasa alikopata wazo la kuchora limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, na majibu yao hayafanani.

Wapo wanaoelekeza macho Kongo. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Humo waliibuka wachoraji kama Pilipili Mulongoy, aliyejulikana kwa picha za ndege, samaki na nyoka zilizojaa madoa na majani. Baadaye picha za aina mbalimbali za wachoraji wa Kongo zilianza kuuzwa mitaani katika miji mingi ya Afrika, ikiwamo Dar es Salaam ya miaka ya 1960.

Kwa miongo mingi, njia kuu kati ya mashariki ya Kongo na Dar es Salaam ilikuwa ni meli za Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie hadi Kigoma, na kutoka hapo garimoshi hadi pwani. Biashara, muziki na mitindo ya mavazi ya Kikongo vilipitia njia hiyo, na watu wa Mwanga na Ujiji walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvipokea. Kwa mujibu wa maelezo yanayorudiwa mara nyingi, Tingatinga alizitazama picha za Wakongo zikinunuliwa jijini na kuamini kwamba naye angeweza kuchora zake.

Wengine hutazama kusini. Wanakumbusha kuwa Wamakua, watu wa upande wa mama yake, walikuwa na desturi ya kuchora wanyama na watu kwenye kuta za nyumba za udongo. Kwa maoni hayo, Tingatinga aliihamisha sanaa ya ukutani kwao na kuiweka kwenye ubao unaobebeka. Hakuna ulazima wa hoja moja kuifuta nyingine: soko huenda alionyeshwa na Wakongo, na mkono wa kuchorea akawa ametoka nao Tunduru.

Hadibodi na rangi ya baiskeli

Vifaa vyake vilitoka katika maduka ya ujenzi. Hakuwa na uwezo wa kununua turubai wala rangi za wasanii, hivyo alinunua hadibodi, ubao mwembamba unaotumika kufunika dari. Bao moja la futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubaki hata kipande. Ndiyo maana picha zake nyingi ni za mraba, zenye upana wa takriban sentimita 60.

Rangi ilikuwa ile ya mafuta inayotumika kupaka baiskeli. Rangi hiyo hukauka ikiwa ngumu na yenye kung'aa, na haichanganyiki kwa urahisi kama rangi za wachoraji wa shule. Mchoraji hulazimika kupaka usuli wa rangi moja, kusubiri ukauke, kisha kumweka mnyama juu yake, kusubiri tena, na mwishowe kuongeza madoa, macho na manyoya. Wepesi wa umbo na ukali wa rangi ambavyo dunia ilikuja kuviita mtindo vilitokana kwa sehemu kubwa na kopo hilo la bei nafuu.

Katika picha zake nyingi yupo mnyama mmoja tu, amejaza ubao mzima huku jicho lake likimtazama mtazamaji. Hakujali vivuli wala umbali.

Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, eneo walilokuwa wakiishi wanadiplomasia na wataalamu wa kigeni, wengi wao kutoka nchi za Skandinavia. Wanunuzi walipenda bei yake ndogo na wepesi wa kuzibeba safarini.

Wakati huo Tanzania haikukosa wachoraji wasomi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alikuwa amesoma Makerere na London, picha yake moja ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York mwaka 1960, na baada ya Uhuru aliiwakilisha nchi kama Balozi nchini Uingereza. Ntiro alikuwa na shahada na ofisi. Tingatinga alikuwa na makopo ya rangi kando ya barabara. Hata hivyo, ni jina la huyu wa pili ndilo lililogeuka kuwa jina la sanaa nzima.

Umaarufu huo ulianza kumfikia akiwa hai. Alipata kazi ya uhudumu katika Hospitali ya Muhimbili, akawa akichora baada ya saa za kazi, na shirika la umma lililoshughulikia sanaa likaanza kununua na kuuza picha zake. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, na wakajaliwa watoto wawili.

Shule ya nyumbani

Picha zilipoanza kuhitajika kuliko alivyoweza kuzichora, Tingatinga aliwaita ndugu na jamaa. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza walikuwamo Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Henrick Tedo na Simon Mpata.

Aliwafundisha kama fundi seremala anavyomfundisha mtoto wa dada yake: kaa hapa, tazama, paka usuli, kesho chora mguu. Hakuwatoza ada, na hakuwazuia kuiga chui wake au ndege wake. Katika mila ya ufundi aliyokulia, kuiga kazi ya mwalimu ni heshima na ndiyo njia ya kujifunza.

Uamuzi huo ndio uliookoa sanaa yake. Ndio pia uliozaa mzozo ambao haujaisha.

Risasi ya mwaka 1972

Mwaka 1972, Tingatinga akiwa ndani ya gari pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu walilidhania gari hilo kuwa la majambazi na kulifyatulia risasi. Tingatinga alipigwa na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 40. Aliacha mjane kijana, watoto wadogo, na kundi la wanafunzi waliokuwa bado wanajifunza.

Kwa kawaida, habari ya mchoraji wa kando ya barabara ingeishia hapo. Lakini wanafunzi wake walibaki pale pale Oysterbay wakiendelea kuchora na kuwafundisha wengine. Mwaka 1977 waliunda ubia uliobeba jina la mwalimu wao, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Simon Mpata alihamia Nairobi, na kabla ya kifo chake mwaka 1984 alikuwa amejijengea jina lake mwenyewe, ambalo baadaye lilivuma sana nchini Japani.

Jina ni la nani?

Kadiri jina lilivyokua, ndivyo lilivyozidi kuwa mbali na familia iliyolizaa. Baada ya kifo chake zilitokea picha nyingi zenye sahihi ya Tingatinga ambazo hakuzichora yeye, na hadi leo wakusanyaji hubishana ipi ni ya mkono wake na ipi si yake. Wahakiki nao waliidharau sanaa hiyo kwa kuiita bidhaa ya watalii na ya viwanja vya ndege, huku mtindo wenyewe ukichapishwa kwenye mashati, mifuko na kadi.

Mwaka 2010, televisheni ya BBC ya Uingereza ilianza kurusha katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi, ambazo ziliazima mtindo huo pamoja na jina lenyewe la Tingatinga.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilitungwa mwaka 1999, miaka 27 baada ya mchoraji huyo kufariki. Na hata sheria kama hiyo hulinda picha fulani aliyoichora mtu fulani. Mtindo haulindwi. Yeyote anaweza kuchora chui mwenye madoa juu ya usuli wa buluu bila kumlipa mtu.

Hata hivyo, ukarimu wa Tingatinga uliwafikia pia watu ambao hakupata kuwaona. Mmoja wao ni John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, jirani na Ziwa Tanganyika, aliyejifunza mtindo huo na kuuhamishia katika vitabu vya picha vya watoto. Vitabu vyake vilichapishwa kwanza Uswisi na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Kimojawapo kinamhusu Sokwe mvuvi anayepeleka samaki wake sokoni, habari ambayo mtoto yeyote wa Kigoma hahitaji kufafanuliwa. Kitabu hicho kina sahihi ya Kilaka, na picha zake zinamtambulisha mwalimu wake wa kwanza hata bila kumtaja.

Zaidi ya nusu karne baada ya risasi ile, wachoraji bado wanakaa Oysterbay na makopo ya rangi na brashi. Wengi huandika majina yao wenyewe chini ya picha, kisha humwambia mnunuzi kwamba hiyo ni tingatinga.