Knute Rockne

Knute Kenneth Rockne (Voss, Norwei, 4 Machi 1888 – Bazaar, Kansas, 31 Machi 1931) alikuwa kocha wa futiboli ya Marekani katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana. Katika misimu 13 (1918–1930) timu yake ilishinda mechi 105, ikatoka sare 5 na kushindwa 12 tu.

Maisha ya awali

Familia yake ilihamia Chicago alipokuwa na umri wa miaka 5. Alifanya kazi posta ili kuweka akiba ya masomo, akajiunga na Notre Dame mwaka 1910. Mwaka 1913 alikuwa nahodha wa timu iliyoishinda timu ya chuo cha kijeshi cha West Point 35–13, hasa kwa pasi ndefu za kurusha. Alihitimu mwaka 1914, akabaki chuoni akifundisha kemia na kumsaidia kocha Jesse Harper.

Nje ya shirikisho

Vyuo vikubwa vya jirani vilikuwa katika Shirikisho la Magharibi, ambalo leo huitwa Big Ten. Shirikisho hilo lilikataa zaidi ya mara moja ombi la Notre Dame la kujiunga, na wanachama wake wengi walikwepa kucheza nayo. Harper alilazimika kutafuta wapinzani mbali, hadi New York na Texas.

Rockne aliendeleza safari hizo na kuzigeuza kuwa faida katika usajili. Timu ilijulikana nchi nzima, hasa kwa familia za Wakatoliki wa mijini, na wachezaji wa zamani waliokuwa makocha wa sekondari walimletea vijana. Jim Crowley, kwa mfano, alifundishwa na Curly Lambeau huko Green Bay, Wisconsin. Crowley, Harry Stuhldreher na Don Miller wa Ohio, pamoja na Elmer Layden wa Iowa, waliitwa "Wapanda Farasi Wanne". Hakuna hata mmoja aliyetoka Indiana.

Notre Dame ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1924, 1929 na 1930. Mwaka 1929 ilishinda mechi zote 9 bila kucheza nyumbani, kwa kuwa uwanja mpya ulikuwa ukijengwa.

Kifo na urithi

Rockne alifariki katika ajali ya ndege iliyoua watu wote 8 waliokuwemo. Alikuwa na umri wa miaka 43. Mwaka 2013 michezo mingi ya Notre Dame ilijiunga na shirikisho la Atlantic Coast, lakini futiboli ilibaki huru.